SOMO JIPYA LA VIJANA: MAARIFA YA JAMII NI NINI?

Kijana aingiapo katika madarasa ya kwanza ya sekondari hupewa orodha ya masomo, naye huisoma kwa hamu kama msafiri asomaye majina ya stesheni. Hesabu aijua. Kiswahili akijua, na Sayansi ameionja tangu utoto. Lakini afikapo penye Maarifa ya Jamii husita kidogo, kwa kuwa jina lenyewe halimwambii mara moja ni kazi gani itakayomkuta humo. Nchini Kenya wanafunzi wa Gredi ya 7 walianza kufundishwa somo hili katika ngazi mpya ya sekondari ya chini Januari 2023. Tangu hapo wazazi wengi wameuliza swali moja, wengine kwa upole na wengine kwa hasira: mwanangu atapata faida gani kwa kufundishwa habari za jamii, hali amezaliwa ndani ya jamii na kulala ndani yake kila siku?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lisilo la haraka.

Tuanze na jina. Neno jamii lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kukusanya. Katika ukoo huo huo wamo jamaa, jumuiya, na Ijumaa, siku ambayo Waislamu hukusanyika msikitini. Basi jamii ni watu waliokusanyika. Si lazima wawe wamesimama mahali pamoja, bali wameshikamanishwa na kanuni, kazi, ardhi, biashara, madeni na undugu. Abiria waliomo katika matatu moja si jamii, maana kila mmoja hushuka kituo chake akamsahau mwenzake. (Ingawa gari likikwama matopeni utaiona jamii ikizaliwa mbele ya macho yako: mwenye nguvu asukuma, na mwenye maneno atoa amri.) Na neno maarifa nalo lina uzito wake. Habari mtu huletewa, hata akiwa amelala. Maarifa huyatafuta mwenyewe. Aliyechagua neno maarifa badala ya habari alichagua vema.

Somo lenyewe si la kale. Huko Marekani, kamati ya walimu ilitoa taarifa yake mwaka 1916, na taarifa hiyo ndiyo iliyoeneza wazo la kuyakusanya mafunzo ya historia, jiografia na uraia chini ya paa moja. Kwetu Afrika jambo hili lilipata nguvu Agosti 1968, wajumbe wa elimu kutoka nchi kadhaa za bara hili walipokutana mjini Mombasa. Shauri lao kubwa lilikuwa kwamba mtoto wa Kiafrika alikuwa akifundishwa mito na wafalme wa Ulaya kabla hajaweza kueleza mto unaopita nyuma ya nyumba yao, na kwamba yafaa masomo yaanze karibu kisha yaende mbali. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule za msingi ziliunganisha historia, jiografia na uraia kuwa somo moja.

Wako wanaosema kwamba kuunganisha huku ni kupika vitu vitatu katika sufuria moja hata visijulikane ladha. Hawakukosa kabisa. Somo hili likifundishwa vibaya huwa orodha ya majina na tarehe, na mwanafunzi huzikariri asubuhi akazisahau jioni. Lakini sababu ya kuunganisha ni kwamba mambo ya watu yenyewe hayakugawanyika kama vitabu vilivyogawanyika. Na tutazame mfano mmoja ambao kila msomaji wetu aujua kwa jina, yaani reli ya kwanza iliyotoka Mombasa kwenda Kisumu.

Kazi ya kutandika reli hiyo ilianza Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi Mei 1899, na kwenye Ziwa Victoria Desemba 1901, mwendo wa maili karibu 580. Hizo ni tarehe, na mwalimu wa zamani angaliweza kuishia hapo. Mwanafunzi wa Maarifa ya Jamii hana ruhusa ya kuishia hapo. Yampasa kuuliza kwa nini.

Kwa nini Nairobi? Wamasai walipaita mahali hapo kwa jina la maji baridi, na palikuwa uwanda wenye majimaji, pasipo mji wo wote. Itazame ramani ya miinuko. Njia huanza penye usawa wa bahari, ikapanda pole pole hata ikapita metro 1,600 katika uwanda wa Nairobi. Mbele yake ukaja ukingo wa Bonde la Ufa, ambao ni kupanda kukali na kisha kuteremka kukali zaidi, halafu milima ya Mau, halafu mteremko wa kwenda ziwani. Wahandisi walitaka mahali palipo tambarare na penye maji, wapate kuweka ghala na karakana kabla ya kuingia katika kazi hiyo ngumu. Basi mji mkuu wa Kenya ya leo haukuota katika njozi ya mfalme. Ulichaguliwa na umbo la ardhi na haja ya injini kunywa maji. Mwaka 1948 ulikuwa na watu karibu 119,000. Katika hesabu ya mwaka 1969 walikuwa 509,286, na katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Hapo jiografia imezaa historia, na historia imezaa msongamano wa magari ambao msomaji wa mjini aujua kuliko mimi niwezavyo kuueleza.

Kwa nini iliitwa Reli ya Uganda, na yote imo katika Kenya? Jibu la kwanza ni kwamba Waingereza walikuwa wakiitafuta njia ya kufika Uganda na ziwa lake. Jibu la pili huwashangaza vijana. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu ilikuwa Uganda. Nchi yote tangu bonde la Naivasha hata ziwani ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, na mwezi wa Aprili 1902 serikali ya Uingereza ililihamisha jimbo hilo na kulitia katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Watu walilala Uganda wakaamka katika nchi nyingine, na hakuna aliyehamisha hata chungu. Kijana akilifahamu jambo hilo moja hataitazama tena ramani kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Atajua kwamba mpaka ni mstari, kwamba mstari huchorwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na haja yake.

Nani waliifanya kazi? Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo. Simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898 wametungiwa vitabu na kuchezwa katika sinema. Lakini maradhi, ambayo yaliua watu wengi sana kuliko simba, hayakupata sifa hiyo. Husemwa mara nyingi kwamba Wahindi wote wa Afrika ya Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli. Msemo huo hausimami. Wengi wa wale vibarua walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na waliobaki walikuwa zaidi kidogo ya 6,000. Wafanyabiashara wengi walikuja kwa nauli zao wenyewe, na wengine walikuwako pwani zamani, kabla hata ya reli kufikiriwa.

Nimesema msemo huo hausimami, na hapa tumefika kwenye kiini cha somo. Kazi yake kubwa ni kumfundisha kijana kuupima ushahidi. Katika jambo hili hakuna mfano bora kuliko kifo cha Koitalel arap Samoei.

Wanandi walipigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi, tangu 1895 hata 1905. Reli ilipoingia katika upande wao walichukua nyaya za simu wakafanyiza mapambo, na vyuma wakafanyiza silaha. Kiongozi wao alikuwa Koitalel, aliyekuwa orkoiyot, yaani mwenye mamlaka ya kiroho na ya kuongoza. Tarehe 19 Oktoba 1905 yeye na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, walikutana kwa mazungumzo karibu na mahali paitwapo leo Nandi Hills. Koitalel hakutoka hai katika mkutano ule, na wengi waliofuatana naye waliuawa pamoja naye. Mpaka hapo pande zote mbili zakubaliana.

Baada ya hapo kila upande una maneno yake. Meinertzhagen alisema kwamba alikuwa akitegewa auawe, naye akawahi. Wazee wa Kinandi wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba kiongozi wao alikwenda kwa ajili ya amani, na kwamba alipigwa risasi alipokuwa akimnyoshea mgeni mkono. Uchunguzi wa serikali wa wakati ule ulimwona ofisa yule hana hatia. Hata hivyo aliondolewa katika Afrika ya Mashariki mwaka 1906.

Basi mwanafunzi afanye nini? Asikimbilie kusema, "Huyu ni Mzungu, kwa hiyo amesema uongo," wala, "Hiki kimeandikwa kitabuni, kwa hiyo ni kweli." Na awaulize mashahidi. Shahidi wa kwanza aliandika shajara, lakini shajara hiyo haikutolewa kuwa kitabu mpaka mwaka 1957, miaka zaidi ya hamsini baada ya tukio. Je, alikuwa na faida ya kulieleza jambo kwa namna fulani? Alikuwa nayo, maana jina lake lilikuwa hatarini. Je, ni mtu wa kuaminika katika mambo mengine? Hapa pana jambo la ajabu. Meinertzhagen alisifiwa sana kuwa mjuzi wa ndege, akakusanya maelfu ya ngozi za ndege. Katika miaka ya 1990, miaka mingi baada ya kufa kwake, wataalamu walizichunguza ngozi hizo wakagundua kwamba nyingine ziliibwa kutoka majumba ya makumbusho na kubandikwa karatasi zenye mahali na tarehe za uongo. Mtu aliyedanganya juu ya ndege si lazima awe alidanganya juu ya kifo cha Koitalel. Lakini neno lake peke yake halitoshi tena.

Sasa na tuwageukie wazee, kwa kipimo kile kile. Aliyesimulia, aliona kwa macho yake au aliambiwa? Aliambiwa na nani, naye alikuwa wapi siku ile? Koo mbalimbali zasimulia namna moja, au kila ukoo una habari yake? Masimulizi ya mdomo ni ushahidi kamili, wala asitokee mtu wa kuyadharau. Lakini ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Viko pia vitu vinavyonena bila mdomo. Mwaka 2006 fimbo za uongozi za Koitalel, zilizokuwa zimechukuliwa na Meinertzhagen, zilirudishwa Nandi kutoka Uingereza. Fimbo hazisemi nani aliyepiga kwanza. Zasema tu mikononi mwa nani zilikaa miaka mia moja. Maoni yangu ni kwamba masimulizi ya Wanandi yana nguvu zaidi. Lakini mwanafunzi asiyakubali kwa kuwa mimi nimeyakubali.

Mzazi ataniambia, "Koitalel alikufa zamani, mwanangu ataka kazi." Nami nitamkumbusha Desemba 2007. Uchaguzi ulipokwisha, machafuko yalitokea nchini Kenya, na hata ilipofika Februari 2008 watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Panga na moto vilikuwako, lakini maneno yalitangulia: ujumbe wa simu usiojulikana umetoka kwa nani, sauti ya redio isemayo kabila fulani wanakuja, habari ya jamaa wa mtu fulani waliouawa mahali fulani. Kila neno kati ya hayo lingaliweza kuulizwa maswali yale yale: nani asema, aliona, apata faida gani, na nani mwingine athibitisha? Watu wazima wengi hawakuuliza. Siku hizi simu imo mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na uongo huvuka nchi kabla chai haijachemka. Ikiwa shule haitamfundisha kuuliza, ni nani atakayemfundisha?

Iko faida nyingine, ndogo kwa sura, lakini ya kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa kazi baina ya serikali ya taifa na kaunti 47. Shule za msingi na za sekondari ziko chini ya taifa, lakini shule za watoto wachanga ziko chini ya kaunti. Zahanati na vituo vya afya ni vya kaunti. Hospitali kuu za rufaa za taifa si vyake. Kwa kutojua hayo, watu hubisha mlango usio wao, wakapoteza nauli na siku nzima, wakarudi nyumbani wakilaani serikali zote mbili. Kijana aliyejifunza sura hiyo vizuri aweza kumwambia babaye, kwa adabu, barua iandikwe kwa nani.

Kuhusu hesabu za watu nitasema machache tu. Mwaka 1948 Kenya ilihesabiwa kuwa na watu milioni 5.4, mwaka 2019 ilikuwa na watu milioni 47.6. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Mwalimu akiziandika tarakimu hizo mbili ubaoni na kunyamaza, wanafunzi wenyewe wataanza kuzungumza juu ya mashamba, misitu, maji na ajira, na kipindi hakitatosha.

Ninyi vijana mnaolianza somo hili, msingoje kitabu. Kitabu chenu cha kwanza ni mzee aliye karibu. Nendeni kwake wakati amepumzika, si wakati analisha mifugo. Msalimuni kama ipasavyo kwenu, mkaombe ruhusa ya kuandika. Akisema, "Nilizaliwa wakati wa mafuriko makubwa," msimcheke kwa kuwa hakutaja mwaka. Mafuriko makubwa ya Kenya yalikuwa mwishoni mwa mwaka 1961, na kwa maneno hayo tu mmekwisha kupata mwaka wake kwa kukisia. Lakini mwulizeni tena: je, Uhuru ulipokuja Desemba 1963 alikuwa anatembea au alikuwa bado mgongoni? Akisema alikuwa anachunga mbuzi, basi mafuriko yake ni mengine, nanyi mna kazi ya kuyatafuta. Mwulizeni na nyanya pia, maana mara nyingi akumbuka mambo ambayo wanaume hawakuyaona kuwa makubwa: bei ya chumvi, soko lilipohamishwa, kisima kilichokauka, mwaka wasichana walipoanza kupelekwa shule.

Walimu nao, na waupunguze wimbo wa tarehe. Darasa likizozana kwa adabu juu ya jambo moja lililopimwa, limesoma zaidi ya darasa lililokariri sura tatu.

Haya ndiyo maswali ya kujaribu juma hili, kabla ya somo lijalo. Mji au kijiji chenu kiko mahali hapo kwa sababu gani: maji, njia, rutuba, amri ya mtu, au nini? Jina lake lina maana gani, ni la lugha ya nani, na wenye lugha hiyo wangaliko? Ni jambo gani lililotokea hapo ambalo husimuliwa na watu wawili kwa namna mbili? Yaandikeni masimulizi yote mawili, kila moja kwenye ukurasa wake, na chini ya kila moja muandike jina la aliyesema, umri wake, na kama aliona au aliambiwa.